Nyumba Mpya Mlimani Meru, na Mtoto wa Kwanza

Mazungumzo yetu ya leo yawahusu hasa watu wawili, ingawa wengine hatuwakatazi kutega masikio. Wawili hao ni kijana aliyeoa juzi na mkewe ambaye amekwisha kuwa mja mzito. Pengine wamepanga chumba na sebule mjini Arusha, katika mitaa kama Ngarenaro au Sakina. Pengine wamejengewa nyumba ndogo ya bati kando ya migomba ya baba mtu, huko Poli au Akeri upande wa Meru. Vyombo vya arusi vingine havijafunguliwa, kitanda bado chanukia randa, na majirani wangali wakiwaita maarusi. Watu wa kaskazini hupenda sana kuoa mwezi wa Desemba, wakati ndugu walio mbali wanaporudi kwao kwa sikukuu, na kila ajuaye kuhesabu hadi tisa aweza kujua miezi ambayo kina bibi wa mlimani hutafuta mbeleko.

Sote twajua jinsi arusi inavyotengenezwa siku hizi. Huundwa kamati, yenye mwenyekiti na mweka hazina. Hukutana kila juma, kadi za mchango hutembezwa, na daftari huandikwa jina la kila mtu na ahadi yake. Miezi minne au mitano hupita katika kazi hiyo, kwa ajili ya siku moja ya kula pilau na kucheza muziki. Hatuyalaumu mambo hayo, maana furaha ya watu ni jambo jema. Walakini twastaajabu kwamba kwa siku ile nyingine, siku ya kuzaa, ambayo ni nzito kuliko ya arusi, aghalabu hapana kamati, wala daftari, wala hata shilingi moja iliyowekwa kando. Mke hushikwa na uchungu saa nane ya usiku, na mume huanza kugonga milango ya watu akitafuta motokaa.

Uchunguzi wa afya ya wazazi na watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila vizazi hai 100,000 wanakufa kina mama 104 kwa sababu ya uzazi. Katika uchunguzi wa miaka 2015 na 2016 idadi hiyo ilikuwa 556. Kwa hiyo nchi imekwenda mbele sana, na mojawapo ya sababu zake ni kwamba wanawake wengi zaidi sasa huzaa mikononi mwa wakunga waliofundishwa. Lakini wale 104 nao walikuwa na waume na nyumba na vyombo, na wengi wao waliuawa na mambo yanayozuilika, kama kutokwa na damu nyingi, kifafa cha mimba, na kuchelewa njiani.

Hayo tutayarudia. Kwanza twataka kusema juu ya maji, kwa kuwa ni jambo la pekee la mlima wetu, na aliyeoa binti wa Tanga au wa Songea na kumleta hapa hana budi kumweleza mapema.

Mlima Meru ni mlima wa moto. Majivu yake ya mwisho yalionekana mwaka 1910, na tangu hapo umekaa kimya, lakini mawe na udongo wake vimejaa madini yaitwayo floraidi. Mvua ikinyesha huko juu hupenya ardhini, huyeyusha madini hayo, kisha hutokeza chini kwenye chemchemi na mito, maji yakiwa maangavu na baridi na matamu kinywani. Macho hayawezi kuyatambua, wala ulimi. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba maji ya kunywa yasipite miligramu 1.5 za floraidi katika lita moja. Serikali ya Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa kuwa maji mengine hayakupatikana, kisha ikakishusha kipimo hadi 1.5. Katika sehemu nyingi za kuuzunguka mlima, hasa upande wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki, ziko chemchemi na visima vinavyopita vipimo hivyo vyote viwili kwa mbali.

Madhara yake mnayajua, maana mtu wa Arusha afikapo Dar es Salaam, akicheka tu, wenyeji humwambia, "Wewe watoka Arusha." Meno yake ni ya rangi ya kahawia. Wako wasichana wazuri wa kupendeza ambao hufunika midomo kwa mkono wanapocheka, na vijana wanaoogopa kwenda kuomba kazi ya kukaa mbele ya watu. Penye floraidi nyingi kupita kiasi hata mifupa huharibika, na viko vijiji upande wa Maji ya Chai ambako watoto wameonekana miguu yao ikipinda.

Sasa jambo ambalo wazazi wapya hawalijui ni hili: meno ya ukubwani ya mtoto hayatengenezwi siku yanapoota. Huumbwa ndani ya ufizi tangu siku za kuzaliwa hadi umri wa miaka minane hivi, na floraidi huyaharibu huko huko ndani, wakati mtoto angali akicheka kwa vijino vyake vyeupe vya maziwa. Mama huona meno meupe na kudhani kwamba yote ni salama. Mtoto afikapo miaka sita au saba, meno mapya hutoka yakiwa na madoa, na hapo hakuna kuyarudisha ndani. Msasa na mkaa na mswaki mgumu havifai kitu, maana doa si uchafu. Basi anayetaka mwanawe awe na meno mazuri katika darasa la pili yampasa ayafikirie maji hata kabla mtoto hajazaliwa.

Watu wengi hutuambia, "Sisi twachemsha maji." Kuchemsha ni jambo jema, maana huua vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. Lakini floraidi haifi, kwa sababu si kitu kilicho hai. Tena maji yakichemka sana hupungua kwa mvuke na madini hubaki katika sufuria, hata yaliyobaki huwa makali kuliko yalivyokuwa. Magadi nayo tusiyasahau. Wapishi wetu huyatia katika makande na maharage ili yaive upesi na kuokoa kuni, lakini magadi mengi ya sehemu zetu yana floraidi, hata nyumba yenye maji mema huweza kuiingiza sumu hiyo kwa kijiko. Afadhali kulowesha mahindi na maharage usiku kucha, na kuyapika asubuhi bila magadi.

Dawa iliyo rahisi kuliko zote yatoka mbinguni. Maji ya mvua hayana floraidi ila kidogo mno. Upande wa kusini wa mlima twapata masika tangu Machi hadi Mei, na vuli katika Novemba na Desemba, na nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati. Lakini maji yote hayo huanguka chini ya upenu na kuchimba mifereji uani. Hebu tuhesabu pamoja, nanyi wanafunzi mlio na kalamu mwandike. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya bati lenye eneo la mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Nyumba ndogo ya maarusi wetu tuseme ina paa la mita za mraba 40. Ikinyesha mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida tu ya mchana mmoja wa masika, hupatikana lita 400, na hata tukipunguza zinazomwagika, lita 300 zabaki. Mume na mke wakitumia lita 15 kwa siku kwa kunywa na kupikia tu, tangi la lita 1,000 litawatosha kwa siku 66. Na wakati huo mvua nyingine itakuwa imenyesha. Kufua, kuosha vyombo na kupiga deki wafanye kwa maji yoyote, maana floraidi haiingii mwilini kwa kugusa.

Kwa hiyo twamshauri kijana aliyeoa, kabla hajanunua redio kubwa au kochi la pili, anunue mabomba ya kukinga maji ukingoni mwa paa, na tangi lenye kifuniko. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi aiache ipite ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Itakayofuata ndiyo ya kukinga. Na maji hayo ayachemshe kwa ajili ya vijidudu. Tangi kwa kweli si zawadi ya kupigia picha, nasi hatujapata kuona kamati ya arusi ikilileta ukumbini likiwa limefungwa utepe, lakini mtoto angeweza kuchagua angelichagua.

Ambao hawana paa lao wenyewe, kama wapangaji wa mjini, waulize maji ya bombani kwao yatoka chanzo gani, maana vyanzo vyatofautiana. Iko pia njia ya kuchuja. Katika kituo cha serikali cha Ngurdoto wataalamu wamechunguza kwa miaka mingi jinsi ya kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huishika floraidi maji yanapopita ndani yake. Naye Bwana Askwar Hilonga, mwalimu katika Taasisi ya Nelson Mandela hapo Tengeru, mwaka 2015 alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika, itolewayo na chuo cha wahandisi cha Uingereza, kwa ajili ya chujio lake lililotengenezwa kusafisha maji ya namna hii. Chujio lolote lina siku zake za kuchoka, na mwenye kununua aulize ni baada ya muda gani dawa iliyo ndani hubadilishwa. Asipouliza atachuja maji mwaka mzima kwa chombo kilichokufa.

Na tangu siku ya kwanza ya kuzaliwa hadi mwezi wa sita, Mungu amekwisha weka chujio katika kifua cha mama. Hata mama anayekunywa maji yenye floraidi nyingi, maziwa yake huwa na kidogo mno. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake kwa miezi hiyo sita, bila maji, bila uji, bila samli, na meno yake yatakuwa yamepata mwanzo mwema pasipo gharama yoyote.

Tutoke katika maji tuingie katika moto. Arusha imekaa mita 1,400 hivi juu ya bahari, na mwezi wa Juni na wa Julai ukungu hushuka toka mlimani, watu wakavaa makoti mchana. Mke mchanga akihisi baridi usiku, mume kwa huruma yake huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, na kuziba hata upenyo wa chini kwa kanga. Huruma hiyo yaweza kuwaua wote. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu; mtu huona usingizi, kichwa kikimuuma kidogo, kisha haamki. Na mtoto aliye tumboni hudhurika hata kabla ya mama yake kuhisi lolote, kwa kuwa sumu hiyo huzuia damu isichukue hewa safi. Jiko likae nje au jikoni penye dirisha. Chumbani yatosha blanketi la pili, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa. Na zaidi ya hayo, ni maarusi, hatudhani kwamba watashindwa kupata joto.

Sasa turudi kwenye ile kamati. Mke aonapo kwamba amekosa siku zake, wasingoje tumbo lionekane. Waende kliniki pamoja kabla ya juma la 12. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mja mzito aonane na wahudumu mara 8 katika muda wake wote. Huko hupimwa damu, mkojo na shinikizo la damu, hupewa vidonge vya kuongeza damu, chanjo ya pepopunda, na chandarua. Mume naye hupimwa pamoja na mkewe. Wako wanaume wanaoona haya kukaa katika benchi lililojaa wanawake. Basi waone haya, lakini wakae.

Juu ya malaria twaongeza neno moja. Huku juu mbu ni wachache, na kwa sababu hiyo miili yetu haikuzoea ugonjwa huo. Mja mzito wa mlimani akishuka kwenda kumsalimu shangazi pwani au nchi za tambarare, aende na chandarua chake, maana homa itampata kwa nguvu kuliko mwenyeji wa huko.

Wajumbe wa kamati hii hawahitaji kuwa wengi. Awepo mwenye motokaa au mwenye kumjua mwenye motokaa, nauli yake ikiwa imekwisha wekwa. Wawepo watu wawili walio tayari kutoa damu, maana mama akitokwa na damu baada ya kuzaa saa moja tu yatosha kumpoteza. Awepo jirani wa kubaki na nyumba na kukamua ng'ombe. Na wote wajue ni hospitali gani: wa mjini wana hospitali ya mkoa ya Mount Meru na nyingine kadha, wa Ngaramtoni wana Selian, wa Meru wana Nkoaranga. Gari likikosekana, simu ya 115 ya mpango wa m-mama haitozwi kitu, nayo huita chombo cha kumpeleka mzazi au mtoto mchanga aliye hatarini. Namba hiyo iandikwe ukutani kwa wino, isiachwe katika simu ambayo huenda ikazimika usiku huo huo.

Na dalili za kuondoka mara moja, bila kungoja mapambazuko wala shauri la wazee, ni damu kutoka, kichwa kuuma sana, macho kuona giza, uso na mikono kuvimba, homa kali, degedege, maji kupasuka kabla ya wakati, au mtoto kuacha kucheza tumboni.

Tumefika kwa mama mkwe. Mabibi wa zamani wana mengi mema ya kutufundisha. Mtori wa ndizi na nyama anaopewa mzazi kwa Wachaga na Wameru, mafuta na nyama ya kondoo kwa watu wa Kimaasai, na ile kawaida ya kumpumzisha mzazi na kumlisha, ni mambo ambayo daktari yeyote angeyasifu. Lakini katika jamii za Kimaasai iko desturi nyingine, ya kumpunguzia mja mzito chakula katika miezi ya mwisho, ili mtoto awe mdogo na kutoka kwake kuwe rahisi. Hofu iliyozaa desturi hiyo ilikuwa ya haki, katika siku ambazo hapakuwa na hospitali na mtoto mkubwa alikuwa kifo. Siku hizi madhara yake ni makubwa: mama huishiwa na damu, na mtoto huzaliwa dhaifu. Mkaza mwana afanyeje? Kubishana na mama wa mumewe si adabu, na hapa ndipo mume anapopaswa kusimama. Twadhani yatosha mazungumzo kama haya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mkeo anakula maziwa na ndizi mara tatu? Mtoto atakuwa mkubwa huyo."

"Mama, umesema kweli kwamba mtoto mkubwa ni kazi. Ndiyo maana tumekwenda Selian wakampima, na mkunga amesema njia yake ni nzuri, ila damu ni chache. Amemwagiza ale. Kesho kutwa tunarudi. Twaomba twende nawe, ukamsikie mwenyewe."

Mama mkwe akienda mara moja na kusalimiana na mkunga, aghalabu huwa ndiye mlinzi mkali kuliko wote wa vidonge vile. Na ale mboga zetu pia, mnavu na mchicha, na maparachichi yanayooza chini ya miti huko Meru, na maharage. Chai asiinywe pamoja na chakula, maana huzuia damu isipate nguvu ya mboga; aingoje saa moja au mbili. Ule udongo wa kutafuna unaouzwa sokoni auache.

Mume aliyeajiriwa ajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka likizo ya siku 84 zenye mshahara kwa mama, na 100 akizaa mapacha, na siku 3 kwa baba ndani ya juma la kwanza. Siku tatu ni chache. Asizimalize zote kwa kupokea wageni.

Mtoto akiisha kuzaliwa, akaushwe mara moja, awekwe kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja. Kwa baridi yetu hapana kitanda kilicho bora. Anyonye katika saa ile ya kwanza. Yale maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano, yaitwayo dang'a, yasikamuliwe na kumwagwa. Yana kinga nyingi kuliko maziwa yatakayofuata. Asioshwe hata saa 24 zipite. Kitovu kiachwe wazi na kikavu, kisipakwe majivu, wala samli, wala kinyesi cha ng'ombe, maana pepopunda hukaa katika vitu hivyo.

Jina la mtoto hatutaliingilia. Ni la ukoo. Tangu siku hiyo mke hataitwa tena kwa jina lake: kwa Kiswahili atakuwa Mama Fulani, na kwa Kimaa watatanguliza neno ngoto mbele ya jina la mtoto, na baba watamtangulizia menye. Wakiwa hospitalini waulize habari za kuandikisha kizazi, ili cheti kipatikane mapema, maana kukitafuta baada ya miaka saba, mtoto akitakiwa shuleni, ni safari nyingi.

Habari za chanjo na za kumwachisha mtoto ziwa zataka muda wake wenyewe, nasi tutazieleza katika mazungumzo yajayo. Kwa herini.